Nani alikwenda kuona?

Kwenye rafu yangu, kati ya vitabu vya kodi na majalada ya zamani ya mitihani ya uhasibu, kuna safu ya vitabu vya fizikia vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wasio wanafizikia. Karibu vyote ni vya mitumba. Vingine nilivikuta Nairobi vimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara, vingine Mombasa, na viwili niliachiwa na mgeni wa hoteli moja hapa Malindi aliyekuwa anapunguza mzigo kabla ya ndege. Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha chumvi upande wa Gongoni. Fizikia niliiacha kidato cha nne, na si kwa kuichukia. Ada ya chuo ilitoka kwa mtu aliyetaka nisomee kitu chenye mshahara.

Vyote nimevisoma, vingine nimevirudia, na kwa muda nimejikuta nina kipimo kimoja cha kuvipanga. Sivipimi kwa uzuri wa lugha wala kwa umaarufu wa mwandishi. Navipima kwa swali ambalo mjomba wangu wa Ngomeni huniuliza kila nikimsimulia jambo nililolisoma humo: "Haya, na nani alikwenda kuona?" Mjomba ni mvuvi mstaafu, na swali hilo kwake halina dhihaka. Mtu akimwambia kuna changu wengi mwamba fulani, atauliza vivyo hivyo kabla ya kutia petroli kwenye injini. Kitabu kinachonipa cha kumjibu nakiweka juu. Kinachoniacha nikibabaika nakishusha.

Kwa kipimo hicho, kitabu maarufu kuliko vyote hakishiki nafasi ya kwanza. A Brief History of Time cha Stephen Hawking kilitoka mwaka 1988 na kimeuza nakala zaidi ya milioni 10. Nakala yangu ina mistari ya penseli ya mwenyewe wa kwanza, imepigwa kwa rula, na inakatika katikati ya sura ya nne. Kuanzia hapo kurasa ni safi mpaka mwisho. Simlaumu. Hawking anasimulia kwamba aliambiwa kila mlinganyo atakaouweka utapunguza mauzo kwa nusu, basi akaacha mmoja tu, ule wa Einstein, E=mc². Kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu, nilichukua kalkuleta nikapiga: milioni 10 zikikatwa nusu mara kumi, yaani kwa milinganyo kumi, zinabaki nakala zisizofika 9,800. Ningefurahi kuwa mmoja wa hao watu 9,800.

Maana kuondoa hesabu si lazima kurahisishe kitabu. Sura za mwanzo za Hawking zinakwenda vizuri, na ana ucheshi wa mtu asiye na haraka. Lakini ukifika sura ya nane anakuletea muda wa kufikirika, muda unaopimwa kwa namba ambazo mwalimu wangu alisema hazipo, kisha anakwambia kwamba kwa kuutumia huo ulimwengu unaweza kuwa na kikomo bila kuwa na ukingo. Sawa, naitikia. Ila nimeitikia kwa adabu tu. Hapo mjomba angeniuliza swali lake nami ningebaki kimya, kwa sababu kitabu kimenipa jibu na kikaninyima njia.

Dhana kwamba msomaji wa kawaida ataruka dirishani akiona namba siipendi hata kidogo. Mama muuza samaki anapiga asilimia kichwani. Tunachoshindwa sisi ni alama za Kigiriki zisizotambulishwa. Kuzidisha na kugawanya tunakuweza, na mambo mengi ya fizikia mpya yanaweza kukaguliwa kwa kuzidisha na kugawanya tu.

Einstein alilijua hilo. Kitabu chake kidogo cha nadharia ya uhusianifu, ambacho dibaji yake ni ya Desemba 1916, kinamwambia msomaji wazi kwamba ni kifupi lakini kinataka subira na nia. Anasema pia kwamba amejirudia mara nyingi bila kujali madaha, akifuata ushauri wa mwanafizikia Boltzmann kwamba madaha waachiwe mafundi cherehani na washona viatu. Nilipenda. Mifano yake ya treni na tuta la reli imenichosha, lakini hakuna hatua aliyoiruka. Tatizo ni kwamba mwaka ule ushahidi wa dai lake kwamba muda hupungua mwendo kwa kitu kinachokimbia haukuwepo, kwa hiyo kwa upande huo mjomba angebaki na kiu. Jibu nililipata kwingine, na ni jibu ambalo karani yeyote anaweza kulipiga.

Juu angani, kama kilomita 15 hivi, miale inayotoka mbali huko inagonga hewa na kuzaa chembe ziitwazo muoni. Muoni haina maisha marefu. Ikiwa imetulia, wastani wake ni sehemu 2.2 za sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Chukua mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, zidisha kwa huo umri: unapata mita 660. Yaani hata zikikimbia karibu sawa na nuru, zote zilipaswa kufa huko huko juu, isipokuwa chache mno. Lakini zinafika. Nyoosha kiganja chako sasa hivi, inapita moja karibu kila sekunde. Zinafika kwa sababu saa yao, kwa kasi ile, inakwenda polepole ukilinganisha na yetu. Na kuna waliokwenda kuona: Bruno Rossi na David Hall walizipima kwenye milima ya Colorado, kwa kulinganisha idadi yake katika miinuko tofauti, wakatangaza matokeo mwaka 1941.

Huyo Rossi mshike, atarudi. Alikuwa Mwitalia, alifukuzwa kazini kwao mwaka 1938 kwa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Kabla ya hapo, mwaka 1933, alipanda na vyombo vyake hadi Asmara, Eritrea, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, akaona kwamba miale ya anga inakuja zaidi kutoka magharibi kuliko mashariki. Usumaku wa dunia ndio unaoipinda, na kwa upande inakopindia akajua kwamba chembe zake nyingi zina chaji chanya. Vitabu vya watu wengi vinamtaja Rossi kwa sentensi moja, au havimtaji kabisa. Wenye majina makubwa wanagawana kurasa.

Kitabu ninachokiazima kwa watu, na ninachokidai kirudi, ni kile cha Richard Feynman kuhusu nuru na maada, kilichotoka mwaka 1985. Kimetokana na mihadhara aliyoitoa Los Angeles kwa kumkumbuka rafiki yake, Alix Mautner, ambaye hakuwa mwanafizikia na alikuwa akimwomba amfafanulie kazi yake. Feynman anaanza kwa kuonya kwamba hutaelewa kwa nini ulimwengu unafanya hivi, kwa sababu yeye mwenyewe haelewi. Kisha anakuonyesha jinsi ya kupiga hesabu yake. Hilo ndilo ninalolitaka.

Mfano wake ni kioo. Ofisini kwetu, usiku wa kufunga hesabu za mwezi, ninaona uso wangu kwenye dirisha na nyuma yake taa za mabwawa ya chumvi. Nuru nyingine inapita, nyingine inarudi. Ukirusha fotoni, yaani chembe za nuru, 100 kwenye uso mmoja wa kioo, wastani wa 4 zinarudi. Ipi itarudi na ipi itapita, hakuna awezaye kusema, na hata fotoni zilizo sawa kwa kila hali hazifanyi sawa. Hilo peke yake lilitosha kunikosesha usingizi, lakini si ndilo lenyewe. Kioo kina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma. Uso wa mbele unarudisha 4, wa nyuma nao karibu 4, kwa hiyo ungetarajia 8. Wakipima kwa nuru ya rangi moja na kioo chembamba, hawapati 8. Wanapata namba yoyote kuanzia 0 hadi 16, kulingana na unene wa kioo. Ongeza unene kidogo, zinazorudi zinaongezeka hadi 16. Ongeza tena, zinapungua hadi sifuri. Ongeza tena, zinapanda upya. Uso wa nyuma, kwa kuwepo kwake tu, unaweza kuuzuia ule wa mbele usirudishe kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila njia ambayo fotoni ingeweza kuifuata unaichorea mshale mdogo. Urefu wa mshale kwa kila uso ni 0.2, na unaelekea upande unaotegemea muda wa safari. Unaunganisha mishale miwili, mkia wa huu kwenye ncha ya ule, kisha unachukua urefu kutoka mwanzo hadi mwisho na kuuzidisha kwa wenyewe. Mshale mmoja: 0.2 mara 0.2 ni 0.04, asilimia 4. Miwili ikielekea upande mmoja: 0.4 mara 0.4 ni 0.16, asilimia 16. Miwili ikipingana: sifuri. Basi. Nilichora mishale hiyo nyuma ya karatasi ya stakabadhi zilizofutwa na ikatoka kama alivyosema.

Na ukitaka kwenda kuona mwenyewe, nenda steji ya matatu baada ya mvua. Dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi inatoa rangi za upinde wa mvua kwa sababu hiyo hiyo: utando wa mafuta una nyuso mbili, unene wake haulingani kila mahali, na kila unene unaipendelea rangi yake. Hayo nilimwonyesha mjomba kwenye maji ya bandari yao. Akasema rangi hizo amezijua tangu utotoni, hakujua tu kama zina hesabu.

Kuna vitabu ambavyo ninavipenda bila kuviamini sana. Brian Greene ana kalamu tamu. The Elegant Universe, mwaka 1999, inakueleza kwamba chini ya kila chembe kuna uzi unaotetema, mdogo kiasi kwamba ukiandika ukubwa wake kwa mita utaweka sifuri 34 baada ya nukta kabla ya kufikia tarakimu ya maana. Nilikisoma kwenye matatu nikapitiliza Gongoni hadi Marereni. Lakini nani alikwenda kuona? Mwaka 2006 Lee Smolin na Peter Woit, kila mmoja na kitabu chake, waliuliza swali la mjomba wangu kwa ukali zaidi. Baadaye mashine kubwa ya kugonganisha chembe ya maabara ya CERN huko Ulaya, ile ya mzunguko wa kilomita 27, ilianza kazi, na tarehe 4 Julai 2012 wakatangaza chembe ya Higgs, iliyotabiriwa mwaka 1964. Wengi walitarajia pia zile chembe pacha ambazo watu wa nyuzi walizitamani. Hazijaonekana. Mimi meza yangu hukaa bajeti upande mmoja na hesabu zilizokaguliwa upande wa pili, na bajeti hata ikipangwa na mtu hodari kiasi gani huwezi kulipa mishahara kwayo. Kosa la vitabu hivi ni pale vinapochapa vyote viwili kwa wino mmoja, uhusianifu na nyuzi, kana kwamba vimekaguliwa na mtu yule yule.

Hapo niseme jambo kidogo la pembeni, kwa sababu limenigharimu jirani. Kuna watu wanazunguka na mashine wanayoiita ya kwantamu, neno waliloliazima kwenye fizikia ya chembe ndogo kama zile fotoni za Feynman. Unashika fimbo ya chuma, kompyuta inalia, kisha inatoa karatasi yenye hali ya ini, figo, mifupa na nyongo, na mwisho wa karatasi pana orodha ya vidonge ambavyo, kwa bahati nzuri, wanaviuza wao wenyewe. Jirani yangu alilipa. Nilimuuliza fimbo ilipimaje nyongo kupitia kiganja, akaniambia ni kwantamu. Mtu aliyechora mishale ya Feynman hata mara moja hawezi kukubali jibu hilo, maana anajua kwamba neno hilo linadai namba, na namba lazima itoke kwenye kitu kilichopimwa. Kwa hili lawama kidogo ninawapelekea hata waandishi waliosoma, wale wa miaka ya 70 na kuendelea waliochanganya fizikia ya chembe na falsafa za Mashariki hadi msomaji akatoka amefurahi na hajui lililopimwa ni lipi.

Kwa mtoto wa shule nampa George Gamow. Shujaa wake, Bwana Tompkins, ni karani wa benki, mtu wa aina yangu, na herufi za mwanzo za majina yake, C, G na H, ni alama za mwendo wa nuru, uvutano na kile kipimo cha Planck cha fizikia ya kwantamu. Anasinzia kwenye muhadhara na kuota mji ambao nuru inakwenda taratibu mno, waendesha baiskeli wanaonekana wamebanwa wakawa wembamba. Hadithi hizo ni za mwishoni mwa miaka ya 30. Mwaka 1959 Roger Penrose na James Terrell, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba kwa macho mtu angeonekana amegeuka upande badala ya kubanwa. Binti wa dada yangu nilimpa kitabu pamoja na habari hiyo ya masahihisho, na masahihisho ndiyo yaliyompendeza. Carlo Rovelli nampa mtu mzima asiye na muda: masomo yake saba yanaisha kwa safari ya Malindi hadi Mombasa na kubaki. Anaandika kwa mapenzi, ila ukimuuliza nani alikwenda kuona, ameshafika somo linalofuata.

Sasa kile kilicho juu kabisa ya rafu. Ni kitabu cha Kip Thorne kuhusu mashimo meusi, yale yenye uvutano mkali hata nuru haitoki, cha mwaka 1994, kinene, nakala yangu imeng'oka jalada. Thorne haelezi shimo jeusi kwanza. Anaeleza watu waliobishana kuhusu shimo jeusi, mmoja mmoja, nani alisema nini, nani alikataa na kwa nini. Ndimo nilimomsoma vizuri Chandrasekhar, kijana wa miaka 19 aliyepanda meli Bombay mwaka 1930 kwenda Ulaya, akavuka bahari hii yetu huku akipiga hesabu ya nyota zilizokwisha kuni. Akaona kwamba nyota ya namna hiyo ikizidi uzito fulani, ambao leo unawekwa kama mara 1.4 ya Jua, haiwezi kujizuia kuporomoka. Eddington, mwalimu wa walimu, alimkatalia hadharani London mwezi Januari 1935. Nobeli ikamfikia Chandrasekhar mwaka 1983.

Na ndimo humo nilimosoma kuhusu Ngomeni.

Wenyeji wa huku wanajua majukwaa yale baharini, kwenye ghuba ya Ungwana. Ukisimama ufukweni siku isiyo na ukungu unayaona, miguu ya chuma ndani ya maji. Tunayaita San Marco, ingawa San Marco ni lile la kurushia tu na lenzake la kuongozea linaitwa Santa Rita. Waitalia waliyaleta miaka ya 60. Mjomba alikuwa kijana wakati huo, akipeleka maji na vyakula kwa mashua. Anakumbuka roketi, anakumbuka wapishi, anakumbuka maneno ya Kiitalia ambayo hayaandikiki hapa. Kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia ni roketi zile zilibeba nini.

Nilikwenda na kitabu, nikamwamkia, nikakaa naye kwenye mkeka. Nikamwambia ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilibeba setilaiti ya Wamarekani waliyoipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, na kwamba ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama anga kwa eksirei. "Zile za hospitali?" Zile zile, mjomba, lakini zinatoka kwenye nyota, na hewa inazizuia zisitufikie, kwa hiyo mtu hana budi kupanda juu ya hewa. Akataka kujua kwa nini waje Ngomeni, wakati Marekani ni kubwa. Nikamweleza kwamba karibu na ikweta dunia yenyewe inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa kuelekea mashariki, roketi inapewa hiyo bure, na mashariki yetu ni bahari tupu. Tena setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu ya angani yenye mnururisho mwingi ambao ungevuruga vipimo. Hapo aliridhika, ni mtu wa upepo na mikondo.

Aliyeiongoza kazi ya setilaiti ile alikuwa Riccardo Giacconi, aliyepata Nobeli mwaka 2002. Na aliyemtia Giacconi kwenye kazi ya eksirei za angani, mwaka 1959, alikuwa Bruno Rossi, yule wa Asmara na wa muoni.

Kati ya vitu ambavyo Uhuru ilivitazama kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Kipo upande wa kaskazini, mwezi wa Agosti na Septemba usiku wa mapema, katika kundi la nyota la Bata Maji. Eksirei zake zilikuwa zinapepesa, zinapanda na kushuka ndani ya muda mfupi kuliko sekunde moja. Hapa ndipo Thorne anapostahili nafasi yake, kwa sababu hoja inayofuata unaweza kuibeba kichwani. Kitu hakiwezi kupepesa chote kwa pamoja haraka kuliko nuru inavyoweza kukivuka. Kikipepesa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, basi upana wake hauzidi kilomita 30,000. Jua lina upana wa kilomita milioni 1.39. Kwa hiyo pale pana kitu kidogo sana kuliko Jua. Je, uzito? Mwaka 1971 na 1972, Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, waliona kwamba mahali pale pale pana nyota kubwa ya buluu inayosogea na kurudi kila siku 5.6, imeshikwa na mwenzi asiyeonekana. Kwa kasi ya kusogea kwake unapata uzito wa mwenzi, na uzito huo ulizidi ule ambao nyota yoyote iliyokufa inaweza kuubeba bila kuporomoka kabisa. Makadirio ya mwaka 2021 yanasema ni kama Jua mara 21. Eksirei zinatoka kwenye gesi inayonyonywa kutoka kwa nyota ya buluu, ikipata joto la mamilioni ya digrii kabla haijatumbukia.

Mjomba alisikiliza yote. Akauliza, kama nilivyojua atauliza. Nikamwambia hakuna aliyekwenda, ni mbali, nuru yenyewe inachukua miaka zaidi ya 7,000. Lakini kitu kilichokwenda kuangalia kilipita juu ya kichwa chako, na maji waliyokunywa waliokirusha huenda uliyabeba wewe. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema basi hao waliopima walau wamekaribia, si kama wale wa kwenye redio.

Nilishangaa, na bado nashangaa, kwamba habari hii nimeipata kwenye kitabu cha Kiingereza chenye jalada lililong'oka, mimi niliyekulia mwendo wa matatu moja kutoka pale. Shuleni tulipewa Cygnus X-1? Hapana. Tulipewa mteremko na gari la mbao. Roketi ya mwisho kutoka San Marco iliruka Machi 1988, mwaka ule ule dunia ilipoanza kununua kitabu cha Hawking.

Tena Hawking ana deni humo. Katikati ya miaka ya 70 aliwekeana dau na Thorne kuhusu Cygnus X-1, na analisimulia kwenye kitabu chake. Yeye, aliyeyatolea jasho mashimo meusi kuliko mtu yeyote, aliweka dau kwamba hicho si shimo jeusi, kama bima: kazi yake ikiharibika, walau apate miaka minne ya jarida la utani la Kiingereza. Thorne akishinda angepata jarida jingine kwa mwaka mmoja. Mwaka 1990, ushahidi ukiwa umejaa, Hawking alikwenda California, akaingia ofisini kwa Thorne, Thorne mwenyewe akiwa Moscow, akaitia ile karatasi ya dau alama ya kidole gumba kukubali kwamba ameshindwa.

Mjomba aliipenda hadithi hii kuliko zote. Mtu mwenye elimu ile kukubali kushindwa kwa kidole gumba, alisema, huyo ni muungwana.

"Na akamlipa?"

"Alimlipa, mjomba."

"Jarida la nini hilo?"

Nikasema ni la Kimarekani, lina picha.

"Picha za nini?"

Mkewe alikuwa amekaa hapo hapo na ungo, anachambua mchele. Nikafungua kitabu sura nyingine.